Pipa la Shangazi Nusa

Mimi nilifanywa mwalimu wa afya kwa sababu siku ya kikao nilichelewa. Shuleni kwetu vyeo hugawiwa hivyo: asiyekuwepo ndiye anayefaa. Nilipoingia nikihema, wenzangu wakanipigia makofi, na mwalimu mkuu akanikabidhi faili lenye karatasi mbili na picha ya jino. Tangu siku hiyo afya ya wanafunzi mia sita na arobaini ikawa mikononi mwangu, mtu ambaye hata kipimajoto sikujua kinashikwaje.

Nayasema haya mapema usije ukadhani ninayemsimulia ni mimi. Afya ya shule ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa na faili. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene kiasi, kilemba amekikaza kama mtu anayejiandaa kwa ugomvi, na kazi yake ilikuwa kusafisha vyoo. Sisi walimu tulimwita Shangazi. Watoto walimwita Shangazi Nusa, na kwa jina hilo hawakumwonea.

Vyoo vyetu viko nyuma ya madarasa, juu kwenye mwinuko: jengo moja refu, upande huu wasichana, upande ule wavulana. Katikati limesimama pipa la plastiki la bluu lenye koki chini, na ubavuni mwa pipa kinaning'inia kipande cha sabuni ya mche kilichotobolewa na kutungwa kwenye kamba. Mtoto akitoka chooni anaosha mikono, kisha anapita mbele ya Shangazi, viganja juu. Shangazi anainama, ananusa.

"Pita. Pita. Wewe, rudi."

"Nimeosha, Shangazi!"

"Umelowesha. Nani kakwambia kulowesha ni kuosha? Rudi kwenye sabuni."

Watoto walijaribu kila ujanja. Kuna mmoja wa darasa la tano alipitisha mikono kwenye nywele za mwenzake aliyepaka mafuta ya manukato, akaja anatabasamu. Shangazi akanusa mara moja tu. "Haya ni mafuta ya dada yake fulani, na yanakaribia kwisha. Rudi." Darasa zima lilicheka mpaka mwenye mafuta naye akacheka.

Sabuni ikikaa siku nyingi bila kwisha, Shangazi alinuna. Kwake sabuni nzima ilikuwa habari mbaya. Mimi kazi yangu moja ya maana ilikuwa kuandika nani hakuja shule kwa ajili ya tumbo, na karatasi zangu zilikaa wiki nzima hazina jina hata moja. Shule ya jirani iliwahi kufungwa siku kumi kwa ugonjwa wa kuhara, na siku hizo zote watoto wetu walikuwa darasani wakikosea hesabu zangu kwa afya njema kabisa.

Sasa maji. Bomba lilikuwa moja tu, chini kabisa, karibu na lango. Kutoka pale mpaka kwenye pipa ni hatua mia moja na themanini, zote za kupanda. Shangazi alifika saa kumi na mbili asubuhi, akapandisha ndoo ishirini kabla ya kengele: moja kichwani, moja mkononi, safari kumi. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Sisi tulifika pipa likiwa limejaa, tukaona ndivyo mapipa yalivyo. Sijivunii hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa wake wa mwisho kabla ya kustaafu, na jambo moja lilimnyima raha. Nafasi yake haingejazwa. Ofisi ya elimu ilikuwa imeandika kwamba usafi utaendelea "kwa utaratibu mwingine".

"Utaratibu mwingine hauna miguu," aliniambia akikung'uta ufagio. "Mimi nikiondoka, nani atapandisha maji? Pipa likikaa tupu asubuhi moja tu, saa nne huwezi kupita hapa. Likikaa wiki, wale wasichana wakubwa wanaanza kubaki nyumbani, mmoja mmoja, na hawakwambii kwa nini. Mimi niliikuta shule hii hivyo, mwalimu. Sitaki kuiacha hivyo."

Basi ikaja barua ya tuzo. Ofisi ya elimu ilitangaza kwamba itazipongeza shule za umma zinazotunza afya za wanafunzi. Shule itakayofaulu itapewa cheti, kibao cha kutundika langoni, pamoja na tangi kubwa la maji na mabomba ya kulifikisha mpaka vyooni. Mimi nilimsomea Shangazi barua nzima. Cheti hakukijali, kibao hakukijali. Nilipofika kwenye tangi alinishika mkono.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena. Akanisomesha mara tatu, kisha akasema, "Kibao mkitundike popote mnapotaka, hata kwenye paji la uso la mwalimu mkuu. Mimi nataka hilo tangi."

Niliandika maombi kwa mkono wangu, na kwa mara ya kwanza faili langu likanenepa. Tukajibiwa kwamba wakaguzi watakuja Jumanne.

Mwalimu mkuu wetu ni mtu mwema, ila ana udhaifu mmoja: anapenda usafi usioguswa. Leso yake imekunjwa pembe nne na sijawahi kumwona akiifutia chochote. Jumatatu ile vyoo vilisuguliwa mpaka sakafu ikawa inaakisi miguu. Juu ya kisahani kikawekwa kipande kipya cha sabuni ya kunukia, kikiwa bado kwenye karatasi yake. Mwalimu mkuu akasimama mlangoni akivitazama vile vyoo kwa mapenzi, akashusha pumzi, kisha akatoa amri.

"Vifungwe. Mpaka wakaguzi wapite."

Shangazi alidhani hakusikia vizuri. "Vifungwe? Na watoto waende wapi, mwalimu?"

"Ni siku moja tu, Shangazi. Wajikaze."

"Wajikaze kisabuni, na sabuni yenyewe umeifungia ndani?"

Mwalimu mkuu akageuka kuniangalia mimi, mwalimu wa afya, niseme neno la kitaalamu. Nami nikatikisa kichwa kukubali. Naam, niliona ni akili nzuri. Shangazi akafunga makufuli mawili kwa shingo upande, kwa sababu alikuwa analiona lile tangi mbele yake, na funguo akazifunga kwenye pindo la khanga.

Jumanne wakaguzi hawakuja. Gari lao liliharibika. Jumatano hawakuja, walikuwa na kikao. Wakasema Alhamisi bila kukosa. Makufuli yakabaki palepale.

Siku ya kwanza watoto waliona ni mchezo. Siku ya pili mchezo uliisha. Wakati wa mapumziko hakuna aliyegusa maji ya kunywa. Darasani kwangu niliuliza nani aje kufanya hesabu ubaoni, na wanafunzi hamsini, pamoja na wale wanaopenda kujionyesha, wakatulia wamebana miguu chini ya madawati. Nikawasifu kwa utulivu. Mungu anisamehe.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango letu, ana kibanda mume wa Shangazi. Ni fundi cherehani, mtu wa maneno machache, maana muda mwingi ana pini mdomoni. Nyuma ya kibanda kuna ua mdogo, na ndani ya ua kuna choo chake. Jumatano jioni alizitoa pini zote mdomoni, akazipanga mezani, akamwambia mkewe:

"Mama, hivi shule yenu imehamia kwangu?"

"Kivipi?"

"Leo nimepokea watoto hamsini na wawili. Wamepanga foleni mpaka kwenye cherehani. Sijashona hata kifungo, nimekuwa mlinda choo."

"Waliosha mikono?"

"Mikono! Waliofika kwa wakati tu ni wa kushukuru." Kisha akanyamaza, akaanza kuzirudisha pini kwenye kopo, moja moja. "Kuna kabinti ka darasa la pili hakakuwahi. Kalisimama hapo mlangoni kanalia, sketi imelowa. Nimekafunga pazia la mteja, sketi nimeifua nikaikausha kwa pasi. Nikakaambia haya, rudi darasani. Kakakataa, kakaenda nyumbani. Unajua kaliniambia nini? 'Babu, usimwambie Shangazi.'"

Yule mzee ameniambia kwamba mkewe alisukuma sahani kando. Alikaa ameshika tama mpaka chakula kikapoa. Shangazi mwenyewe amenieleza kilichomchoma. Mtoto aliona haya mbele yake yeye, na funguo zilikuwa kwake.

Alhamisi nilipofika, kwa kuchelewa kama kawaida yangu, nilikuta vyoo viko wazi, pipa limejaa, ile sabuni ya kunukia imekatwa vipande viwili na kutungwa kwenye kamba, na mstari wa watoto umefika hadi darasa la tatu. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama mbele ya Shangazi, leso mkononi, na safari hii alikuwa anajifuta nayo jasho.

"Shangazi, unaniharibia! Wanakuja leo! Tazama sakafu!"

"Naiona. Imelowa kwa sababu inatumika."

"Nilikupa amri."

"Ulinipa, nami niliifuata siku mbili, na nimejuta zote mbili. Ukitaka kunifukuza, nifukuze saa tano, watoto wakishamaliza."

Mwalimu mkuu alifungua mdomo, na papo hapo gari la wakaguzi likaingia langoni.

Walishuka wawili. Mmoja mama wa makamo mwenye miwani, aliyewahi kuwa muuguzi, ameshika fomu. Mwingine bwana mrefu mwenye koti, ambaye safari ilikuwa imemzidi. Hakusalimu mtu, aliuliza choo kiko wapi, akapanda mwinuko mbio. Sisi tukamfuata taratibu na mama mwenye fomu, mwalimu mkuu akimwonyesha maua kila hatua ili tuchelewe kufika.

Tulipofika, yule bwana alikuwa anatoka, uso umetulia. Akalipita pipa bila hata kulitazama. Shangazi akanyoosha mkono.

"Lete mkono, baba."

Bwana akadhani anasalimiwa, akatoa mkono kwa tabasamu pana. Shangazi akauinua puani, akanusa.

"Rudi."

"Samahani?"

"Rudi kwenye sabuni, baba."

Mwalimu mkuu alifumba macho. Watoto waliokuwa kwenye mstari wakaona mgeni ni mgeni kweli, wakamsaidia. "Ni hiyo kwenye kamba!" "Na katikati ya vidole!" "Usiloweshe tu, atakurudisha!" Yule bwana akaosha, akarudi viganja juu kama walivyomfundisha, akanuswa, akaambiwa apite. Mama mwenye miwani aliandika kitu kwenye fomu, mabega yakimtikisika. Nikajua tumepata, na tangi nikaliona linapanda kilima.

Waligeuza sabuni, wakafungua koki, wakakagua milango. Fomu ikafika ukurasa wa mwisho.

"Swali hili ni la kawaida tu," alisema mama mkaguzi. "Je, vyoo huwa wazi kwa wanafunzi siku zote za masomo?"

"Siku zote," alijibu mwalimu mkuu upesi.

Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Mama yule akainua macho, akamwangalia Shangazi kwa heshima tu, kama mtu anayemwomba mwenye nyumba aitikie. "Ndivyo, mama?"

Shangazi alijifuta mikono kwenye khanga. Nilimwona akitazama mwinuko mpaka kule chini bombani. Nilimwona akiwatazama watoto, ambao viganja vyao bado vilikuwa juu. Moyoni nilikuwa namwomba: itikia tu, Shangazi, neno moja, ulipate tangi lako.

"Hapana," alisema. "Vilifungwa juzi na jana ili mkute vinang'aa. Nilifunga mimi. Hawa watoto wanajua, siwezi kusema vingine mbele yao."

Barua ya matokeo ilikuja baada ya wiki tatu. Walisifu unawaji wa mikono, wakasema hawajaona mfano wake. Tulipata alama themanini na moja, na zilitakiwa themanini na tano. Kwenye swali la vyoo kuwa wazi tulinyimwa kumi. Hata mtu wa hesabu za darasa la nne aliweza kuona tangi lilipotelea wapi.

Walimu walimnunia. Nami nilimkasirikia, nisifiche. Nilimfuata juu kule nikamwambia, "Shangazi, ungenyamaza tu."

"Ningenyamaza, halafu kesho ningemwambia nani arudi kwenye sabuni?" Kisha akageuza ndoo, akaikalia, na ukali wote ukamwisha. "Nimelikosa, mwalimu. Nimelikosa kwa mdomo wangu mwenyewe. Sasa sijui itakuwaje." Akalia kidogo. Nami nikasimama hapo tu nimeshika faili.

Jumatatu iliyofuata goti lake lilivimba. Mumewe alilifunga kitambaa, akamwambia akitoka nje ya mlango atamshonea miguu pamoja, na aliposema hivyo hakuwa anatania sana. Kwa hiyo Shangazi hakuja. Saa nne pipa likatoa sauti ya kukoroma, maji yaliyobaki tangu Ijumaa yakaisha. Saa tano harufu ikafika ofisini, na mwalimu mkuu akatoka kuifuata ilikotoka.

"Maji ya pipa hili huwa yanatoka wapi?" aliuliza. Walimu wakatazamana, nami niliyejua nikaona haya kusema. Binti mmoja wa darasa la saba ndiye aliyejibu.

"Huleta Shangazi, mwalimu."

"Kutoka wapi?"

"Kule langoni."

"Anayaleta na nini?"

"Na kichwa chake."

Mwalimu mkuu alilitazama lango kwa muda mrefu. Alikuwa ameiongoza shule ile miaka sita. Akavua koti, akalikunja vizuri, akanipa nilishike, kisha akabadili mawazo akanipa na ndoo. Tukashuka wote. Safari ya kwanza alifika juu na nusu ndoo, nusu nyingine ikiwa ndani ya viatu vyake. Safari ya sita alikaa chini kwenye majani na ile suruali yake iliyopigwa pasi.

"Ameyabeba haya miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Akainuka, akachukua ndoo, tukaenda mpaka tukamaliza safari ya kumi.

Asubuhi yake, daftari la mahudhurio halikuwepo ofisini. Tulilikuta juu, kwenye kimeza kando ya pipa, na mwalimu mkuu amesimama hapo. Sheria ilikuwa moja: unapanda na ndoo mbili kutoka langoni, unamimina, ndipo unatia sahihi. Bila maji hukuja kazini. Jina la kwanza lilikuwa lake. Walimu tulilalamika vilivyo. Mmoja alileta cheti cha daktari kuhusu bega lake la kulia, akaambiwa abebe kwa la kushoto. Mwalimu mwenzangu wa hisabati alithibitisha kwa chaki kwamba walimu kumi na wanane wataleta ndoo thelathini na sita wakati zinatakiwa ishirini. Mwalimu mkuu akamwambia zinazobaki tutamwagilia maua.

Shangazi aliporudi na goti lake alikuta msururu wa walimu wenye ndoo, akadhani tunamfanyia mzaha. Alipoelewa, hakutushukuru. Alisimama katikati ya njia akaanza kazi.

"Wewe unamwaga. Wewe unatembea kama bata. Wekeni kipande cha nailoni juu ya maji, yatatulia. Walimu wazima mmesoma mpaka wapi?"

Tukaweka nailoni, na kweli maji yakatulia. Lakini tulipobaki wawili aliniambia wazi kwamba haamini. "Nawajua nyie. Mnabeba kwa sababu nipo, mnaona haya. Siku nikiondoka, daftari litarudi ofisini."

Mwisho wa mwezi akaondoka. Ijumaa tulimpa kiti cha kuegemea. Mwalimu mkuu alitoa hotuba ndefu, na watoto wa darasa la pili waliinua viganja wote kwa pamoja akavinusa mara ya mwisho. Aliwarudisha wawili.

Jumatatu nilichelewa. Nilipanda mwinuko na ndoo zangu mbili, jasho linanitoka, nikamkuta Shangazi amesimama kando ya pipa akiwa na nguo za kutokea.

"Nilisahau leso yangu," alisema kabla sijauliza. Leso alikuwa ameishika mkononi.

Akainua kifuniko. Pipa lilikuwa limejaa hadi ukingoni, na maji yakamwagika kidogo yakamlowesha viatu. Hakuamini macho, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha akalivuta daftari, akahesabu sahihi kwa kidole kilicholowa.

"Kumi na saba," akasema. "Anakosekana mmoja."

"Ndiyo naingia, Shangazi."

"Mwalimu mkuu kafika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Siku hizi yeye ndiye anayefungua lango."

Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta na ile leso. "Mmejaza mpaka yanamwagika," akasema kwa hasira. "Hamjui hata kukadiria." Akafunika pipa, akalipigapiga kifuniko mara mbili kwa kiganja, akaanza kuteremka. Alikuwa ameipita njia ile miaka kumi na tisa, na leo mikono yake ilikuwa haina cha kubeba. Hakujua aiweke wapi. Mara aliiachia, mara aliifumbata, mwishowe akaikunja nyuma ya mgongo akaenda hivyo. Nilisimama na ndoo zangu nikimtazama mpaka alipovuka barabara kwenda kwa mumewe.